Karibu milioni 14 kwenda Karonga siku 9: twende, au tutume hela?

MwekaHazina_Tabata

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mweka hazina wa idara ya vijana katika ushirika mmoja hapa Tabata. Kazi yangu ya kila siku ni kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi kule Gerezani, kwa hiyo hesabu siziogopi. Mwezi wa nane tumepanga safari ya misheni Malawi, wilaya ya Karonga. Watu 14, siku 9, kwenda na kurudi zikiwa ndani. Bajeti iliyopitishwa ni 13,860,000. Coaster ya kukodi pamoja na dereva na mafuta 5,600,000. Malazi na chakula, maana tunalala Mbeya kwenda na kurudi, 3,100,000. Wenzetu 9 hawana pasipoti, kila moja 150,000, hiyo ni 1,350,000. Tisheti mbili kwa kila mtu 560,000. Zawadi na nguo za kugawa 850,000. Halafu ndipo unafika mradi wenyewe, 2,400,000: kati ya hizo 1,500,000 ni rangi na uzio wa shule ya chekechea, na 900,000 ni kutengeneza pampu ya kisima.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alinivuta pembeni. Anakaanga vitumbua Kimanga, anaamka saa tisa usiku. Alinipa noti mbili za 5,000 zilizofungwa kwenye pindo la khanga, zinanuka mafuta. Akaniambia, "Mwanangu, hizi ni za wale wasio na maji." Nikapokea, nikamwandikia stakabadhi. Nyumbani nikachukua kikokotoo. Kwa bajeti yetu, katika ile 10,000 ya mama, inayofika kwenye maji ni shilingi kama 650.

Tangu siku ile sijaweza kupita pale anapokaanga.

Nikarudi kusoma barua ya mchungaji mwenyeji, ya mwezi wa pili. Ni ukurasa mmoja. Anasema pampu ya kisima kilicho kati ya kanisa na zahanati imekufa tangu kabla ya Krismasi, akina mama wamerudi kuchota mtoni, na watu bado wana hofu ya kipindupindu. Anauliza kama kwetu Dar kuna mtu anayejua pampu na anayeweza kuja kukaa nao. Basi. Rangi, uzio, nguo na semina ya vijana tumeviongeza sisi, kwenye kikao. Na katika hao 14 hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua pampu ya mkono.

Nilipolisema hili, mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana alinijibu, "Binti, Injili haitumwi kwa simu." Na kweli hana makosa. Kuna kijana kwenye kundi letu ambaye tangu aandikishwe kwenye safari hii hajakosa maombi ya alfajiri hata siku moja, na mwaka jana tulikuwa tunamtafuta vijiweni. Sitaki kuwa mtu wa kuzima moto wa Mungu kwa kalamu nyekundu.

Waliowahi kwenda safari kama hizi, au kupokea watu wa safari kama hizi, nisaidieni. Twende? Tutume hela? Kikao ni Jumamosi.

---

Mkalimani_Kigamboni

Dada, pole kwa mzigo. Nitasema nililoliona tu.

Kwa miaka minne nilitafsiri kwa vikundi vya vijana kutoka Marekani vilivyokuja kila Julai kwenye kituo kimoja cha watoto nje kidogo ya mji. Wengi walikuwa watu wa upendo wa kweli, wanalia wakati wa kuagana. Ila kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama saba, mgeni mpya akimshika mkono ananiuliza mimi kwa Kiswahili, "Huyu anaondoka lini?" Mwaka wa kwanza aliuliza mwisho wa wiki. Mwaka wa nne aliuliza kabla hajamwambia mgeni jina lake. Nikaacha ile kazi.

Nimeona na jema. Mwaka mmoja walikuja wawili tu, daktari wa meno na muuguzi. Walianza kwa mganga mfawidhi wa zahanati, wakamkabidhi vyeti vyao, wakauliza nani afanye nini. Siku zote wakawa chini yake. Walipoondoka, tabibu wetu wa meno alikuwa na mbinu aliyokuwa hana, na vifaa vilibaki kwenye kabati lake, ufunguo mfukoni mwake.

Kwa hiyo mimi siulizi kama mwende. Nauliza mtakuwa chini ya nani mkifika.

---

FundiPampu61

Shalom binti yangu. Jina langu la humu linasema umri na kazi. Nimefungua pampu za mkono Mkuranga, Kisarawe na Rufiji tangu nikiwa kijana, na safari kama yenu nimekwenda mara mbili, kijiji kilekile, ng'ambo ya Tunduma upande wa Nakonde, Zambia. Mara ya kwanza tulikosea. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu naona mnaelekea palepale.

Mwaka 2016 tulikwenda watu 17, fundi nikiwa peke yangu. Siku ya pili nikafungua pampu. Ilikuwa Afridev, aina mojawapo ya pampu za mkono. Sili ya mpira ya pistoni imelika, oringi (pete ya mpira) ya vali ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, imepasuka. Nikabadilisha, saa mbili nyingi, maji yakatoka. Vigelegele, wimbo, picha, mchungaji wetu akaomba. Siku zilizobaki wenzangu walipaka rangi kanisa, mimi nikashinda nimekaa. Tukarudi tumeshukuru.

Miezi mitano baadaye katekista akanipigia. Pampu imekufa tena.

Niliumia kwelikweli. Nikasema labda vipuri vilikuwa vibovu. Nikarudi mwaka uliofuata na mke wangu tu, kwa basi, tukakaa siku 16. Na safari hii sikugusa pampu siku tatu za kwanza. Mke wangu alikuwa anakwenda mtoni na akina mama, ndoo kichwani, na huko ndiko habari ilikokuwa. Kumbe miaka ya nyuma walikuwa wanachanga kila mwezi, mwenye kushika mfuko akahama na hela. Tangu hapo akina mama waliapa kutotoa hata senti. Spana ya pampu nayo ilikuwa kwa mtu aliyehamia Lusaka. Nami mwaka 2016 nilikuja na spana yangu na vipuri vyangu, nikaondoka na spana yangu. Hakuna aliyenifundisha kuuliza, na wao walikuwa na adabu ya kutomwaibisha mgeni.

Wakachagua kamati mpya, wengi wao wanawake, daftari lipo kanisani na kila mtu anaweza kulifungua. Ndipo tukakwenda kisimani. Nikakaa kwenye kigoda, mikono nyuma, nikawaambia leo sishiki kitu. Afridev imeundwa kwa ajili hiyo hasa: spana moja inatosha kuifungua, vyuma vya kuvutia vinashikana kwa kulabu bila kukazwa, na pistoni pamoja na vali ya chini unazitoa kwa juu bila kung'oa bomba la kupandishia maji. Kisima cha mita 20 au 30, akina mama wanne wanakifanya wenyewe. Mmoja wao alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alikaa kivulini akawa anasoma hatua kwenye karatasi, wenzake wanavuta. Walikosea mara mbili, wakafungua upya. Niliuma meno nisiinuke. Mara ya tatu maji yakaja, na mwenye mimba ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Ile pampu ilikufa tena, ndiyo, kwa sababu sili ya mpira si chuma, ni kitu cha kubadilisha kila baada ya muda. Lakini kila ikifa wanaifungua wao. Wananipigia kunisalimia tu.

Sasa habari yenu. Huko Malawi hamwendi kuwafundisha watu Afridev kama kitu kigeni. Pampu hii ilianza kutengenezwa hukohuko Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ikakamilishwa Kenya, pwani. Vipuri vinapatikana kwao, na mafundi wa maeneo wapo. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi mpigie mchungaji mwenyeji umuulize haya. Ni pampu ya aina gani, akupigie picha ya kichwa chake. Kisima kina kina gani, maana Afridev mwisho wake ni kama mita 45. Ilikufaje: maji yalipungua polepole, au ilibidi mtu apampu mara nyingi ndipo yafike? Yakipungua polepole, naanza kuitazama sili ya pistoni. Yakichelewa kufika, yanashuka kwa chini pampu ikipumzika, tatizo mara nyingi ni vali ya chini au bomba linavuja kwenye maungio. Kama mpini unacheza huku na huku, bushi, yaani vile vipande mpini unapozungukia, zimekwisha. Maji yakiwa na rangi ya kutu, vyuma vinaliwa. Na muulize pia kamati ya kisima iko wapi, na fundi wa eneo hilo wa mwisho kuja alikuja lini na kwa nini haji tena. Hapo kwenye "kwa nini haji tena" umpe muda wa kujibu, usimkatize.

Vipuri nunueni Malawi, na mnunue mkiwa na mtu wa kijiji. Mkivibeba kutoka Kariakoo, siku kikiharibika hawatajua duka.

---

Mwinjilisti_Kijana

Naheshimu wazee, lakini naogopa hizi hesabu. Mtume Paulo angepiga hesabu ya shilingi 650 asingetoka Antiokia. Mimi niliitwa kwenye utumishi nikiwa kwenye safari kama hii, juu ya Coaster, nimekaa kiti cha nyuma kabisa, usiku pale Kitonga. Hakuna kipuri kilichonibadilisha. Msiwanyime vijana.

---

FundiPampu61

Mwanangu, Paulo alikuwa anashona mahema ili asiwalemee waliompokea. Sikukatazi vijana. Nasema waende vijana wawili watatu wenye kitu mkononi, wengine mwaka kesho.

---

Binti_wa_Karonga

Nimesoma kimya tangu jana, sasa acha niseme maana mnazungumzia nyumbani.

Mimi nimezaliwa Karonga, nimeolewa Tandika mwaka wa 12 huu, nauza mchele. Na mchele wenyewe uwaambie: kwetu mchele mzuri wenye harufu unaitwa Kilombero, jina la kwenu. Ukivuka daraja la Songwe saa inarudi nyuma saa moja, lakini watu ni walewale. Kyangonde chetu na Kinyakyusa cha Kyela ni lugha moja kwa masikio yangu. Mkisema "ndaga", yaani asante, mtasikiwa. Kusini kidogo mtakutana na Kitumbuka, pale asante mtasema "yewo". Hamhitaji mkalimani, mnahitaji bibi mmoja wa Kinyakyusa kutoka hapo ushirikani, mumweke mbele.

Dada mweka hazina, kwenye bajeti yako kuna "malazi na chakula". Nikwambie kitu ambacho hakimo. Nikiwa binti wa miaka 15 tulipokea wageni 20 wa kanisa kutoka mbali, siku 9 vilevile. Mama yangu alikuwa katika akina mama wa mapokezi. Magodoro yaliazimwa nyumba kwa nyumba, sisi watoto tukalala kwenye mkeka jikoni. Kuni zilikatwa wiki mbili kabla. Saa kumi alfajiri maji ya kuoga ya wageni yanachemka, na maji hayo tuliyabeba sisi. Wageni walileta hela ya chakula, kweli, lakini kwetu huwezi kumpa mgeni kondowole na usipa, yaani ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani, ukanyamaza, lazima kuku. Mama aliuza mbuzi mmoja baadaye, nami sikujua mpaka nilipokuwa mkubwa. Hakulalamika, alikuwa na furaha ya kweli. Ila kundi la watu 14 kwenye kijiji ambacho pampu imekufa, jiulizeni: maji ya hao 14 ya kunywa, kupika na kuoga yatabebwa na nani, kutoka wapi?

Hilo ndilo nililotaka kulisema kwanza.

Na nguo msipeleke. Mitumba kwetu tunaiita kaunjika, kuna akina mama wanaishi kwa kuiuza sokoni. Ukigawa bure Jumamosi, Jumatatu yule mama hana mteja.

Kuhusu kipindupindu, mchungaji hakuandika kwa kupamba barua. Mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700 Malawi nzima. Mtu aliyezika ndugu kwa sababu ya maji ya mtoni akikuandikia habari ya pampu, ujue ameandika jambo moja kwa sababu ndilo jambo.

Lakini wanaosema "tumeni hela tu" nao siko nao. Baba yangu alipofariki, wakaja watu sita wa kanisa kutoka Tukuyu. Hawakuwa na kitu. Walikaa na mama kwenye mkeka siku nne, wakaimba usiku, wakachota maji, wakachambua mboga. Mpaka leo mama akisali anawataja kwa majina. Hela za rambirambi tulizopata siku ile hakuna anayezikumbuka. Sisi tumeshatembeleana hivi tangu zamani: Wamoravian wa kwanza waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja kwa njia ya Ziwa Nyasa, wakapitia Karonga, na wale Waskoti waliokuwa upande wetu waliwapokea. Walijifunza Kinyakyusa, wakakaa, wengine wakafia huko. Hakuna aliyewauliza siku ngapi.

Njooni. Ila njooni kama wale sita wa Tukuyu.

---

MwekaHazina_Tabata

Wapendwa, nimechelewa kurudi, kikao kilikwisha saa tatu usiku na Jumapili nilikuwa na zamu ya vitabu.

Fundi, shikamoo. Nilimpigia mchungaji Ijumaa nikauliza maswali yako kama ulivyoyapanga. Ni Afridev, picha ninayo. Kisima wanasema mita 28. Maji yalianza kuchelewa, unapampu mara 30 hivi ndipo yanatoka, mwisho yakakata kabisa. Nilipofika kwenye "fundi wa eneo haji tena kwa nini", akanyamaza. Nikamwacha. Baadaye akasema fundi anadai hela ya kazi ya mara mbili zilizopita, hawakumlipa, na wanaona aibu kumwita. Deni lenyewe kwa hela yetu halifiki 120,000.

Nililisoma hilo kwenye kikao pamoja na barua, neno kwa neno, na maneno ya Binti wa Karonga kuhusu mbuzi wa mama yake. Chumba kilikuwa kimya. Yule mzee aliyeniambia Injili haitumwi kwa simu ndiye aliyesimama kwanza, akasema, "Basi twende wachache, na tukae." Kulikuwa na mabishano marefu juu ya tisheti ambayo sitayarudia.

Tumekubaliana hivi. Wanakwenda watano, siku 18. Bibi mmoja wa ushirika wetu, mzaliwa wa Kyela, ndiye kiongozi. Dada muuguzi aliyechukua likizo yake mwenyewe, atakuwa chini ya mganga wa zahanati na akisema hamhitaji atachota maji. Kijana fundi bomba wa Segerea. Yule kijana wetu wa maombi ya alfajiri, amepewa kazi ya kubeba na kujifunza. Na mimi, kwa ajili ya daftari la kamati ya kisima kama wakilitaka. Basi kutoka Mbezi Luis, tumekadiria 90,000 kwa mtu kila upande mpaka Karonga, jumla 900,000. Watatu kati yetu hatuna pasipoti, 450,000. Chakula tutapika wenyewe na akina mama wenyeji, na tutafika na gunia la mchele, dada, tutanunua kwako Tandika. Deni la fundi wa eneo wenyeji wameomba walilipe nusu wao, nusu sisi, ili lisiwe letu. Yeye ndiye atakayefungua pampu, fundi wetu atamshikia spana.

Walioachwa kwenye safari wengine wamenuna, na nawaelewa, nami nitakaa nao. Waliokwisha kuchangia, kila mmoja nitampigia: hela ipo, mpango umebadilika, akitaka kurudishiwa arudishiwe.

Wa kwanza nilimwendea mwenyewe, jana saa kumi na moja asubuhi, Kimanga. Nikamweleza yote, na ile 650 nikamwambia. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuniangalia mpaka nilipomaliza. Akauliza, "Na huyo fundi wao, ana watoto?" Nikasema sijui, mama. Akasema niulize, kisha akanifungia vitumbua vya 2,000 akakataa hela.

Fundi, swali moja la mwisho: zile karatasi za hatua alizokuwa anasoma yule mama mjamzito, unazo kwa Kiswahili? Bibi wetu amesema atazitafsiri kwa Kinyakyusa kabla hatujaondoka.

---

FundiPampu61

Ninazo, kurasa nne, nimeandika kwa mkono na kuchora. Njoo Mbagala Rangi Tatu Jumamosi mchana na huyo fundi wenu wa Segerea. Nina kichwa cha pampu kuukuu hapa uani, aje afungue na kufunga mpaka azoee. Mwambie aje na nguo za kazi.